Ukijibu Una Mdomo, Ukinyamaza Una Kiburi: Maswali na Majibu

Nyumbani kila ninachofanya ni kosa. Hili ni suala la afya au ugomvi wa kawaida tu?

Ugomvi wa kawaida una kosa linalojulikana: umevunja sahani, umechelewa kurudi, yakaisha. Hapa mambo ni mengine. Mama anauliza kwa ukali, "Umetoka wapi saa hizi?" Binti anaanza kueleza, anakatishwa: "Unanijibu mimi?" Ananyamaza, macho chini. "Naongea na ukuta? Mwone alivyovimba!" Machozi yakimtoka, anaambiwa asijilize.

Likitokea siku mojamoja, hupita. Likiwa ndiyo maisha ya kila siku, linaumiza. Hali hii ina mambo matatu: amri mbili zinazopingana, mara nyingi moja kwa mdomo na nyingine kwa uso au sauti, anayezitoa ni mtu unayemtegemea, na huna ruhusa ya kusema kwamba zinapingana, wala ya kuondoka. Kwa maoni yangu hilo la tatu ndilo sumu yenyewe. Amri mbili zinazogongana zinavumilika kama unaweza kuuliza, "Mama, nijibu au ninyamaze?" bila kuongezewa kosa jingine.

Wataalamu waliichunguzaje?

Maelezo yanayotajwa zaidi yalitolewa mwaka 1956 na Gregory Bateson, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi California, pamoja na Don Jackson, Jay Haley na John Weakland. Walieleza kisa cha kijana aliyelazwa kwa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini yasiyo kweli), akiwa ameanza kupata nafuu. Mama yake alikuja kumtazama. Kijana akafurahi, akamzungushia mkono mabegani. Mama akakakamaa. Kijana akautoa mkono. Mama akamuuliza, "Hunipendi tena?" Uso ukamwiva kijana kwa aibu, naye akaambiwa asiwe mwepesi hivyo wa kuona haya na kuziogopa hisia zake. Hakuweza kukaa na mama yake zaidi ya dakika chache, na mama alipoondoka, kijana alimshambulia mhudumu wa wodi.

Tazama kwamba hakuna tusi hata moja lililotamkwa. Aliyeingia wodini dakika ile angemwona kijana mkorofi na mama mpole.

Kwa hiyo mzazi anaweza kumsababishia mtoto skizofrenia?

Hapana. Bateson na wenzake walidhani mawasiliano ya aina hii huchangia kuuleta ugonjwa huo, lakini utafiti uliofuata haukuthibitisha hivyo. Leo inaeleweka kwamba kuna mchango mkubwa wa urithi na wa namna ubongo unavyokua, pamoja na mambo kama matatizo wakati wa kuzaliwa na uvutaji mkubwa wa bangi. Akina mama wengi walibebeshwa lawama isiyo yao. (Kwetu lawama huwa inaangukia kwa jirani aliyeroga, nayo ni ya uongo vilevile.)

Kilichothibitika ni kingine: mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama na makaripio yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa tena. Utafiti wa mwanasosholojia George Brown na wenzake London ulichangia sana kulionyesha hilo. Ndiyo maana dawa peke yake haitoshi, familia nayo inahitaji ushauri.

Na kazini?

Kazini neno lake ni "jiongeze". Bosi anasema hataki watu wa kusubiri kuambiwa kila kitu. Unajiongeza, unampa mteja punguzo dogo ili asiondoke, unaitwa: "Nani kakuruhusu?" Mara ya pili unaomba ruhusa kwanza: "Hata hili mpaka nikwambie mimi?" Ukisema hayo mawili hayaendi pamoja, una maswali mengi, huna ushirikiano.

Mwili hujiandaa kupambana au kukimbia, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, lakini wewe umekaa kwenye kiti unasema "sawa bosi". Ikiendelea miezi, usingizi unakatika, kichwa na tumbo vinauma, simu ya ofisini ikiita unatoka jasho. Mwaka 1979 mtafiti wa mambo ya kazi Robert Karasek alionyesha kwamba kazi yenye madai mengi na mamlaka kidogo ya kuamua ndiyo inayochosha akili zaidi, na tafiti za baadaye ziliihusisha na maradhi ya moyo.

Nifanye nini?

Kazini, hamishia jambo kwenye maandishi, kwa adabu: "Bosi, asubuhi uliniagiza oda za Mwanza, sasa hivi hesabu za mwezi. Naanza na hesabu, oda zitatoka kesho. Kama sivyo, nielekeze." Humshtaki, unamwachia achague.

Nyumbani ni kugumu zaidi, maana kumwambia mzazi au mkwe kwamba anajipinga kunahesabika utovu wa adabu. Hapo ndipo umuhimu wa shangazi, mjomba au mshenga. Yeye anaweza kusema, "Dada, mtoto umemtaka ajieleze, mwache basi amalize," neno ambalo likitoka kwako ni vita. Chagua anayetunza siri. Kama kuna kipigo au vitisho, hilo si la mshenga tena: nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Mtoto anaweza kupiga 116 bure, Tanzania na Kenya.

Nikigundua ni mimi ninayewafanyia wengine hivyo?

Wengi hawakusudii, ndivyo walivyolelewa. Amua kwanza unataka nini. "Nyamaza nimalize, kisha utajieleza" ni amri safi, mradi zamu yake ikifika usimkate.

Lini niende hospitali?

Ukipita wiki mbili huna raha, hulali au hamu ya kula imekwisha, nenda. Ukianza kufikiria kujiua, nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Ukiulizwa unaumwa nini, usiishie kwenye kichwa na tumbo. Sema pia vinaanza saa ngapi, na baada ya kuongea na nani.