"Niliichomeka kidogo tu"

Mwezi uliopita bibi mmoja aliniletea redio ya marehemu mumewe: boksi la mbao, kitambaa mbele, nobu nne. Kabla sijauliza kitu akasema, "Mwanangu, mjukuu wangu aliichomeka kidogo tu, aone kama bado inaimba." Iliimba, ikanguruma, ikatoa harufu. Nilipofungua mgongo nikakuta lami imechuruzika kutoka kwenye transfoma. Miaka yote ile kabatini haikuidhuru kama dakika tatu za ukutani.

Valvu zenyewe, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio hizi, ni wazee wagumu. Kinachochakaa ni kapasita, vifaa vinavyotunza chaji. Zile kubwa za mkebe, zinazotuliza umeme mkubwa (volti nyingi zinazoendesha valvu), zinategemea utando mwembamba wa oksaidi juu ya alumini, na utando huo hudhoofika redio ikikaa miaka bila umeme. Ukichomeka ghafla, mkebe unapitisha umeme kama waya, na anayelipa deni ni rektifaya (inayogeuza umeme uende upande mmoja) na transfoma.

Kwa hiyo plagi ikae mbali kwanza. Piga brashi vumbi, toa viota vya panya (kwetu Tanga ongeza kutu ya bahari na mayai ya mjusi), angalia kama mpira wa waya haumeguki, kisha soma majina ya valvu. Herufi ya kwanza ndiyo yenye habari. E, kama ECH81 na EL84, ni nyuzi (zile zinazopasha valvu moto) za volti 6.3, na kwa kawaida kuna transfoma. D, kama DK96, ni redio ya betri: volti 1.5 kwa nyuzi, 90 kwa umeme mkubwa. Hiyo usiisogeze karibu na soketi.

Ninayoiogopa mimi ni U: UCH81, UL84, UY85. Nyingi hazina transfoma. Nyuzi zimefuatana kama shanga, zote zikipitisha miliampia 100 zilezile, na chasisi, lile bati linalobeba kila kitu, imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Plagi ikigeuka, bati zima lina volti 230. Umewahi kuona skrubu za nobu zimezibwa kwa nta? Si urembo, zile skrubu zinagusa chasisi. Redio ya namna hiyo siifanyii kazi bila transfoma ya kutenganisha, inayoitenga na waya za ukutani, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani.

Kisha mita. Swichi ikiwa imewashwa, pima kati ya pini mbili za plagi: redio ya transfoma kwa kawaida husoma makumi ya omu. Halafu pima omu kati ya njia ya umeme mkubwa na chasisi, plagi ikiwa bado nje. Sindano ipande polepole hadi makumi ya maelfu ya omu. Ikiganda chini, kuna shoti, na kazi ya siku hiyo imeishia hapo.

Kuna kapasita moja nisiyopoteza muda kuipima, naibadilisha tu: ile inayopeleka sauti kwenye gridi (mlango wa kuingilia sauti) ya EL84, valvu inayoendesha spika, pini namba 2. Mara nyingi ni ya karatasi, 0.01 au 0.022 mikrofaradi. Ikivuja, gridi inapata volti chanya, valvu inavuta umeme bila breki hadi bati lake la ndani linakuwa jekundu, na transfoma ya spika inafuata.

Sasa ndiyo nachomeka, lakini kupitia balbu ya wati 60 iliyokaa mfululizo kwenye waya wa moto, yaani umeme wa redio unapita ndani ya balbu. Iwe balbu ya nyuzi, ile inayounguza vidole. LED haifai hapa. (Siku hizi kuipata dukani ni kama kutafuta sarafu ya mkoloni.) Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, valvu zinapata moto. Baada ya nusu dakika hivi itang'aa tena kidogo, rektifaya imeanza kazi. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, chomoa.

Naiacha nusu saa, mkono mmoja mfukoni. Nikishachomoa namwaga chaji ya mikebe kwa rezista ya kiloomu 10, kamwe si kwa bisibisi, halafu naigusa. Mkebe wenye joto haurudi kazini.

Transfoma ya bibi imekwenda kusukwa upya. Mjukuu nimemwambia aje Jumamosi, na balbu aje nayo yeye.