Si kila nafuu ya gari la umeme ni ruzuku

Mazungumzo ya magari ya umeme yakianza, redioni au kijiweni, sentensi mbili hazikosekani. Ya kwanza: kule Norway serikali inawapa wananchi hela za kununulia magari ya umeme. Ya pili: Tesla inaishi kwa ruzuku ya serikali ya Marekani, mabilioni kila mwaka. Zote mbili zimegusa jambo la kweli, kisha zikaliita kwa jina la jambo jingine.

Ruzuku ni fedha inayotoka hazina ya serikali kwenda kwa mtu au kampuni ili kitu kipatikane kwa bei ndogo. Mbolea ya ruzuku tunaijua, kwa hiyo tusikae sana hapo.

Upande wa magari ya umeme, mfano safi wa ruzuku ni Ujerumani. Kuanzia 2016 mnunuzi aliomba na kulipwa, sehemu ikitoka serikalini na sehemu kwa kampuni iliyounda gari. Wakati fulani jumla ilifika euro 9,000. Novemba 2023 mahakama ya katiba ikabatilisha euro bilioni 60 zilizokuwa zimehamishiwa kwenye mfuko wa tabianchi, na mfuko huohuo ndio uliolipia magari. Tarehe 17 Desemba mlango wa maombi ukafungwa, baada ya tangazo la siku moja tu. Waliokwisha kuagiza magari na kuyasubiri wakabaki mikono mitupu. Ndivyo ruzuku ilivyo: hela ikikauka hazina, nayo inakauka.

Norway ni habari nyingine. Gari la mafuta nchini humo hutozwa VAT ya asilimia 25, na juu yake kodi nzito ya usajili inayopimwa kwa mambo kama uzito na moshi. Gari la umeme lilisamehewa kodi ya usajili tangu 1990, na VAT tangu 2001. Mwenye nyumba akikuambia mwezi huu usilipe kodi, hajakupa hela. Ameacha kuchukua yako. Tena mwaka 2023 msamaha huo ulipunguzwa, na sehemu ya bei iliyozidi kroni 500,000 ikaanza kutozwa VAT. Mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa Norway yalikuwa ya umeme. Siri kubwa ya nchi hiyo ni kwamba gari la petroli lilifanywa ghali, jambo ambalo wanaoisifu huwa hawalitaji.

Mchumi atanijibu kwamba kodi isiyokusanywa nayo ni gharama kwa serikali. Kihasibu yuko sahihi. Lakini msamaha humfaa yule tu ambaye angelipa kodi hiyo, na hili lilionekana wazi Marekani. Zile dola 7,500 maarufu zilikuwa punguzo kwenye kodi ya mapato ya mnunuzi. Kabla ya 2024, aliyekuwa anadaiwa kodi ya dola 3,000 kwa mwaka alinufaika kwa dola 3,000, na zilizobaki zikapotea. Mwenye kipato kidogo alisikia 7,500 kwenye matangazo tu. Ni kuanzia 2024 ndipo mnunuzi alipoweza kumwachia muuzaji haki hiyo na bei ikapungua palepale dukani.

Sasa Tesla, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Mabilioni yanayotajwa kila mwaka ni mauzo ya krediti za uchafuzi, yaani alama za ziada ambazo kampuni yenye magari safi hupata na kuweza kuziuza, na anayelipa si serikali. Wanaolipa ni kampuni nyingine za magari.

Utaratibu ulianzia California mwaka 1990, jimbo hilo lilipoamuru kampuni kubwa zihakikishe sehemu ya magari zinayouza haitoi moshi kabisa. Anayevuka lengo hupata krediti, na aliyepungukiwa anaweza kuzinunua. Ulaya nayo iliweka wastani wa gramu 95 za hewa ukaa kwa kilomita, huku kila kampuni ikiwa na lengo lake kulingana na uzito wa magari yake. Anayezidisha hutozwa euro 95 kwa kila gramu, mara idadi ya magari aliyouza. Piga hesabu: magari milioni moja, gramu tano za ziada, faini euro milioni 475. Ndiyo maana mwaka 2019 Fiat Chrysler ilikubali kuilipa Tesla ili magari ya kampuni zote mbili yahesabiwe pamoja barani Ulaya. Tesla haitoi moshi, basi wastani ukashuka.

Fedha hizo si ndogo. Mwaka 2020 Tesla iliingiza dola bilioni 1.58 kwa krediti, ilhali faida yake yote ilikuwa dola milioni 721. Bila krediti ingekula hasara. Anayesema kampuni hiyo ilibebwa na kanuni za serikali hajakosea hata kidogo. Iliwahi pia kukopeshwa na Wizara ya Nishati dola milioni 465, mwaka 2010, ikazirudisha 2013. Huo nao ulikuwa mkopo, si ruzuku.

Anayedhani nabishania maneno tu aiangalie sheria ambayo Rais Trump aliisaini tarehe 4 Julai 2025. Lile punguzo la dola 7,500 liliwekewa siku ya mwisho, 30 Septemba. Krediti hazikuwa na fungu la bajeti la kufuta, kwa hiyo sheria ilipita mlango mwingine: faini ya kushindwa kufikia kiwango cha taifa cha matumizi ya mafuta, ambacho nacho kina krediti zake, ikawa sifuri. Bila faini, nani atanunua krediti za kuikwepa? Soko la Ulaya halikuguswa, maana faini yake iko palepale.

Kwetu pia neno hili linateleza. Kenya mwaka 2019 ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Rwanda mwaka 2021 iliyaondolea VAT na ushuru wa kuingiza. Hakuna mnunuzi aliyekabidhiwa hata senti; gari bado ulilipie mwenyewe, ila bila mzigo wote wa kodi juu yake. Mwandishi anayetaka kichwa cha habari aandike tu "yafuta kodi" au "yapunguza ushuru". Ni maneno mawili, na msomaji hataenda kupanga foleni akiulizia fomu za ruzuku ziko dirisha gani.