Huo uchovu sio kazi tu: maswali ya kina mama wanaogonga kokoto kuhusu damu

Mimi ni nesi, na kila nikikaa na kina mama wanaogonga kokoto huku Kunduchi, Dar es Salaam, naulizwa maswali yaleyale kuhusu damu kupungua, kwahiyo nimeyaweka hapa na majibu yake ili hata wewe unayelima vibarua au unayebeba zege uyapate.

Nesi, mbona nachoka hivi? Si jua na nyundo tu?

Inawezekana ni nyundo kweli, lakini uchovu wa kazi ukilala unaisha, sasa kama unaamka asubuhi umechoka vilevile, ukigonga mara kumi unatua nyundo kwanza, ukibeba ndoo moja kupeleka kwenye fungu moyo unaenda mbio na kichwa kinauma, hapo usisingizie kazi dada yangu. Madini ya chuma ndo yanatengeneza ule wekundu wa damu unaobeba hewa kutoka mapafuni kupeleka kwenye misuli, chuma kikipungua misuli inakosa hewa na moyo unalazimika kukimbia kufidia, na anayegonga mawe kutwa anaumia zaidi kuliko aliyekaa maana misuli yake ndo inadai hewa nyingi.

Kuna mama mmoja alinipa kiganja nikiangalie, kimejaa vumbi jeupe la mawe, nikamwambia anawe kwanza, akanawa vizuri na sabuni na mimi bado nikaona vumbi, kumbe haikuwa vumbi, ndo rangi ya kiganja chake. Nikamvuta chini kope la chini la jicho, ndani palikuwa peupe. Jiangalie hapo kwenye kioo au mwambie mwenzio akuangalie, panatakiwa pawe pekundu, ila jicho halitoshi, kapime HB, yaani kipimo cha wingi wa ule wekundu wa damu, ni tone tu la damu. Kwa mwanamke asiye na mimba ikiwa chini ya 12 imeshuka, mwenye mimba chini ya 11.

Kwanini sisi wanawake na sio waume zetu, na tunakula sufuria moja?

Kwasababu ya hedhi na uzazi. Kila mwezi damu inatoka na chuma kinatoka nayo, ndo maana mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji kama miligramu 18 za chuma kwa siku wakati mwanaume zinamtosha 8, yaani zaidi ya mara mbili, halafu kwenye hiyo sufuria moja nani anapewa kipande cha nyama? Hilo mnalijua. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kati ya wanawake 100 Tanzania wenye miaka 15 mpaka 49, 42 wana upungufu wa damu. Sio wote ni chuma, wengine ni malaria, wengine minyoo ya safura inayoingilia kwenye ngozi ya mguu ukikanyaga peku udongo wenye kinyesi halafu inakwenda kunyonya damu kwenye utumbo, kwahiyo ndala ni muhimu na dawa ya minyoo ni muhimu.

Mimi mchicha nakula kila siku, mbona damu haipandi?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote maana jibu liko kwenye kikombe. Chuma cha mchicha, matembele, kisamvu na maharage mwili unakipokea kidogo sana, tofauti na cha maini, nyama na samaki, halafu wewe unashushia na chai ya rangi! Majani ya chai yanakishika hicho chuma tumboni, kingi kinapita kwenda chooni. Sikwambii uache chai, najua bila chai saa nne mkono haunyanyuki, ila iache mbali na chakula, kama saa moja kabla au saa moja na zaidi baada ya kula. Kwenye mboga kamulia ndimu, au kula na chungwa, embe, pera, hivyo vinakisaidia chuma kuingia. Na ukiweka dagaa kwenye hayo matembele umefanya jambo kubwa, sababu dagaa ana chuma chake na anavuta na cha mboga. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji.

Na juisi ya bitiruti? Soda nyekundu na maziwa?

Wekundu wa juisi sio damu jamani. Soda ni sukari, na maziwa yanapunguza chuma kuingia. Hiyo hela nunua maini robo.

Natafuna sana mchele mbichi na udongo wa pemba, ni mimba?

Sio lazima, hamu ya udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimeisha, halafu udongo wenyewe unazuia chuma kuingia, kwahiyo unazidi kuzama. Kapime.

Vidonge vya chuma vinanitia kichefuchefu na choo kinakuwa cheusi, niache?

Usiache. Choo cheusi ni kawaida ya hivyo vidonge, kichefuchefu kikizidi meza na chakula kidogo au usiku kabla ya kulala, kwa maji au maji ya chungwa, sio chai wala maziwa. HB ikishapanda endelea kama miezi mitatu hivi mwili ujaze akiba. Miaka ya 1970 kwenye mashamba ya chai Sri Lanka wanawake waliopewa chuma walichuma majani mengi zaidi ya wenzao, kwahiyo hata fungu lako la kokoto litaongezeka. Ila mwenye selimundu (sikoseli) asijinunulie tu, aongee na daktari. Na vificheni mbali na watoto, vinafanana na pipi na vinaweza kumuua mtoto.

Hedhi yangu inakwenda siku tisa, nivumilie?

Hapana mama, nenda kituoni wiki hii. Ukila maini kila siku na damu inatoka hivyo ni kama kujaza ndoo iliyotoboka. Na ukiwa unahema umekaa tu, unazimia au una mimba, usingoje wiki, nenda leo.