Kwa nini swali la "Una uhakika?" halimzuii mtu kukosea?

Unabonyeza Futa, kisanduku kinatokea katikati ya skrini: "Una uhakika?" Unabonyeza Ndiyo. Mara unagundua kwamba folda iliyofutwa siyo uliyoikusudia. Kompyuta iliuliza, ukajibu, na kosa likapita vilevile.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba watu hawasomi. Watengenezaji wengi wa programu wanaamini hivyo, na dawa yao ni kuongeza: onyo la pili, maandishi mekundu, alama za mshangao. Imani hiyo ina ukweli wake. Kisanduku kinachojitokeza kila siku huzoeleka haraka mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, waliwaonyesha watu maonyo ya kompyuta wakiwa ndani ya mashine ya MRI inayopiga picha za ubongo, wakaona ubongo unapunguza juhudi ya kulitazama onyo tangu linapojirudia mara ya pili. Lakini mazoea hayaelezi kwa nini hata aliyesoma neno kwa neno hujibu Ndiyo, na bado akawa amekosea.

Shida iko kwenye swali lenyewe. Chukua mfano wa dukani. Umeagiza sukari kilo mbili. Muuzaji kasikia vibaya, kashika pakiti za chumvi, nawe umeinama unatafuta hela mfukoni. Akikuuliza "Una uhakika?" utajibu ndiyo bila kusita, na utakuwa umesema kweli, kwa sababu kichwani mwako kuna sukari. Anaweza kukuuliza mara tano, anaweza kupaza sauti. Jibu ni lilelile. Akisema "Chumvi kilo mbili?" utainua kichwa papo hapo. Swali la kwanza lilipima nia yako, na nia haikuwa na kasoro. La pili limekuonyesha kilichomo mkononi mwake.

Makosa mengi ya kompyuta ni ya namna hii: mtu anajua anachotaka, mashine imeshika kitu kingine, na hakuna anayewakutanisha. Kazi ya kisanduku cha uthibitisho ni kuwakutanisha.

Kuna kisa kinachoonyesha gharama ya kutowakutanisha. Tarehe 11 Agosti 2020, benki ya Citibank ya Marekani ilikusudia kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya dola milioni 7.8. Programu yao ya mikopo, Flexcube, iliwalazimu kuingiza muamala kana kwamba deni zima linalipwa, kisha fedha za deni zielekezwe kwenye akaunti ya ndani ili zisitoke. Ili zibaki ndani, ilibidi kujaza sehemu tatu: FRONT, FUND na PRINCIPAL. Wahusika walijaza PRINCIPAL peke yake, wakiamini inatosha. Mmoja aliingiza, wa pili akakagua, wa tatu akaidhinisha. Kabla ya hatua ya mwisho programu ilitoa onyo kwamba fedha zitatumwa nje ya benki, na kumuuliza yule mkaguzi kama aendelee. Fedha za kutoka zilikuwepo kweli, zile za riba, kwa hiyo onyo halikupingana na chochote alichokuwa anakijua. Zikatoka karibu dola milioni 900.

Onyo hilo halikutaja kiasi. Yalikuwa maandishi yaleyale yanayotokea kila malipo yanapotoka nje. Baadhi ya wakopeshaji walikataa kurudisha karibu dola milioni 500, na kesi ikaendelea hadi Septemba 2022, mahakama ya rufaa ilipoipa benki haki. Kama sentensi ile ingebeba tarakimu za malipo, ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyetarajia milioni 7.8 angezipita.

Kwa hiyo unapoandika kisanduku, anza na kitu na idadi yake: "Futa picha 312 kwenye albamu ya Harusi ya Asha?" Kisha sema kitakachofuata: je, zinakwenda kwenye pipa la taka kwa siku 30, au zinapotea kabisa? Vitufe navyo vibebe kitendo: "Futa picha" na "Zibakize", badala ya Ndiyo na Hapana. Anayekimbia huruka sentensi na kutazama vitufe tu, kwa hiyo vitufe lazima vieleweke hata sentensi ikifunikwa kwa kidole. Na usiulize kwa kukanusha. "Hutaki kuhifadhi?" ikijibiwa Ndiyo, wapo wanaomaanisha "ndiyo, sitaki", na wapo wanaomaanisha "ndiyo, hifadhi".

Mtego mbaya kuliko yote ni wa kughairi. Mteja anataka kufuta oda, programu inauliza "Unataka kughairi oda?" na chini kuna vitufe viwili: Ghairi na Sawa. Ghairi ya hapo inaghairi oda, au inaghairi kughairi? Wabunifu huiacha kwa sababu kitufe hicho huja tayari kwenye zana zao. Weka "Futa oda" na "Endelea na oda", mkanganyiko unaisha.

Mahali pa kitufe pana uzito wake. Kwenye kompyuta, Enter isiangukie kitendo kinachoharibu. Kwenye simu, kitufe cha kuthibitisha kisikae palepale kidole kilipogusa mara ya kwanza, maana anayegusa mara mbili kwa haraka atakuwa amethibitisha kabla kisanduku hakijaonekana vizuri.

Idadi ya maswali nayo ihesabiwe. Kwenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, amri ya kufuta faili, rm, ina chaguo la -i linalouliza kwa kila faili. Ukifuta faili 200 unajibu mara 200, na muda si mrefu kidole kinajibu chenyewe. Chaguo la -I huuliza mara moja tu, faili zikizidi tatu au unapofuta folda pamoja na vilivyomo, na hutaja idadi. GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, kwa kitendo kizito cha kufuta mradi mzima, hukutaka uandike jina la mradi. Njia hiyo inafaa kwa kitendo cha nadra. Ikitumika kila siku watu watanakili na kubandika bila kutazama.

Palipo na uwezekano wa kutendua, yaani kurudisha kilichofanywa, bora usiulize kabisa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, faili inayokwenda kwenye pipa la taka haiulizwi, kwa kuwa inarudishika. Gmail nayo huzuia barua kwa sekunde 5 hadi 30, kadiri utakavyochagua, ili uweze kuirudisha kabla haijaondoka.

Pesa za simu hazina nafasi hiyo ya kutendua kwa urahisi, ndiyo maana kuonyesha jina la mpokeaji na kiasi kabla ya kutuma kunasaidia sana. Hata hivyo jina lina mipaka: fundi unayemlipa anaweza kuwa anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mkewe, na jina usilolijua likawa sahihi.

Kuna makosa ambayo kisanduku hakiyawezi. Tarehe 13 Januari 2018, jimbo la Hawaii, Marekani, lilitangaziwa kimakosa kwamba kombora linakuja, na ikachukua dakika 38 kutuma masahihisho kwenye simu. Programu ya kutuma matangazo hayo iliuliza swali lilelile kwa jaribio na kwa tangazo halisi, na hiyo ni kasoro ya kurekebisha. Lakini uchunguzi ulieleza kwamba mfanyakazi aliyelituma tangazo aliamini shambulio ni la kweli. Hapo hata swali lililoandikwa vizuri huenda lisingemzuia. Hawaii iliamua kwamba tangazo lihitaji watu wawili. Citibank walikuwa watatu. Mtu wa pili akionyeshwa sentensi ileile isiyotaja kitu wala kiasi, naye atasema ndiyo.