Saba ya Nebraska ya mwaka juzi si saba ya mwaka jana

Kila Julai, kabla hata kambi za mazoezi hazijafunguliwa, simu yangu hujaa hesabu ya aina moja. Nebraska, timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu, ilishinda mechi 5 mwaka 2023, ikashinda 7 mwaka 2024, ikashinda 7 tena mwaka 2025, kwa hiyo msimu huu wa 2026 itashinda 8 au 9, "maana timu inapanda." Safari hii imetoka kwa shemeji yangu, mtu aliyesomea uhasibu, mtu ambaye hawezi kusaini stakabadhi ya mafuta bila kuihakiki. Sasa naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Kazi yangu ni makadirio ya futiboli ya vyuo. Ninyi mnaojazana sebuleni Jumamosi kule Omaha na Lincoln hamhitaji kuelezwa kwamba tachidauni ni kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani kwa pointi 6, kwa hiyo siitafuni.

Tuanze na hizo saba mbili. Mwaka 2024 Nebraska ilimaliza msimu wa kawaida 6-6, yaani ushindi 6 na vipigo 6, kisha ikaifunga Boston College 20-15 kwenye Pinstripe Bowl, mechi ya baada ya msimu, ikawa 7-6. Mwaka 2025 ilimaliza 7-5, kisha ikachapwa na Utah 44-22 kule Las Vegas, ikawa 7-6. Rekodi ni ileile. Na tazama kichekesho hiki: mwaka 2024 walifunga pointi 306 na kufungwa 253, mwaka 2025 wakafunga 373 na kufungwa 320. Piga hesabu. Tofauti ni 53 miaka yote miwili. Ukimpa mtu karatasi yenye rekodi na tofauti ya pointi tu, ataapa kwamba ni timu moja iliyosimama palepale.

Si timu moja.

Fungua mechi zenyewe. Mwaka 2024 walipoteza kwa Illinois 31-24 katika muda wa nyongeza, kwa Ohio State 21-17, UCLA 27-20, USC 28-20, Iowa 13-10. Hizo ni mechi tano kati ya sita walizopoteza, zote za pointi 8 au pungufu, yaani tachidauni moja na pointi mbili za ziada zingetosha angalau kuzisawazisha. Kipigo cha kweli kilikuwa kimoja, 56-7 kwa Indiana. Walizoshinda kwa kubanana zilikuwa mbili tu, Rutgers na Boston College. Mwaka 2025 mambo yaligeuka. Walizishinda Cincinnati 20-17, Maryland 34-31, Northwestern 28-21 na UCLA 28-21, na za kubanana walizopoteza ni mbili, Michigan na USC. Vipigo vingine? Minnesota 24-6, Penn State 37-10, Iowa 40-16, na Utah hiyo.

Kwa hiyo 2-5 katika mechi za kubanana mwaka 2024, na 4-2 mwaka 2025. Mashabiki wanaitazama ya pili wanasema, "Sasa wamejifunza kushinda." Hapo ndipo shinikizo langu la damu hupanda. Ukiwa na mechi sita za kubanana na kila moja ni shilingi inayorushwa, uwezekano wa kushinda nne au zaidi ni 22 kati ya 64, zaidi kidogo ya theluthi moja. Hapo hakuna aliyejifunza kitu. Timu ya soka inayoshinda mechi nne mfululizo kwa bao la dakika ya 90 huitwa timu yenye roho ngumu mpaka mwezi unaofuata, na huku ni vivyo hivyo. TCU ya 2022 ilishinda mechi sita za aina hii, ikafika fainali ya taifa, ikafungwa na Georgia 65-7. Mwaka uliofuata ikamaliza 5-7. Kweli iliondokewa na wachezaji wakubwa, sikatai, lakini na zile mechi sita za bahati hazikurudi.

Na hiyo tofauti ya 53 je? Nayo inadanganya, kwa sababu mwaka 2025 iliwahesabu Akron waliofungwa 68-0 na Houston Christian waliofungwa 59-7. Mechi mbili hizo peke yake zinaleta 120. Ziondoe, na timu iliyobaki iko hasi 67 katika mechi 11. Ondoa zile mbili nyepesi za 2024, UTEP na Northern Iowa, unabaki na hasi 11. Hiyo ni tofauti kubwa kati ya timu mbili zenye rekodi moja.

Mimi sipendi kufuta mechi nzima, maana kuwaponda wanyonge pia kunasema kitu, ingawa kidogo. Ninachofanya ni kukata: ushindi au kipigo chochote kinachozidi pointi 24 nakihesabu kama 24. Ukifanya hivyo, Nebraska ya 2024 inatoka na chanya 62, ya 2025 inatoka na hasi 16. Mtaniuliza kwa nini 24, kwa nini si 21 au 28. Sina jibu la kisayansi. Nimejaribu namba nyingine na zinafanya kazi karibu sawasawa; 24 nimeizoea. Wenzangu katika fani hii wana namba zao, na wengi watakupa maelezo marefu kuhusu robo ya nne na wachezaji wa akiba. Nao wameizoea ya kwao.

Hapo ningeweza kumaliza na kusema timu imeshuka. Lakini ngoja. Novemba 1, 2025, katika mechi ya USC, kotabeki Dylan Raiola, yaani mrusha mipira anayeongoza mashambulizi, alivunjika mguu. Mechi nne zilizobaki akacheza TJ Lateef, kijana wa mwaka wa kwanza. Waliifunga UCLA, kisha vikaja vile vipigo vitatu. Ukiitazama hesabu yangu ya kukata, mechi tisa za kwanza za 2025 zina chanya 47, na tisa za kwanza za 2024 zina chanya 49. Karibu sare! Anguko lote limo katika mechi nne ambazo kotabeki wa kwanza hakuwepo, na ile ya Utah hata mkimbiaji wao tegemeo, Emmett Johnson, hakuvaa jezi kwa kuwa alikuwa anajiandaa kwenda NFL, ligi ya kulipwa.

Basi ni ipi Nebraska ya kweli, ile ya mechi tisa au ile ya mechi nne? Vitabu vitakwambia tumia zote 13, uzipe uzito. Mimi nasema swali hilo lingekuwa tamu kama Raiola angekuwepo. Hayupo, amehamia Oregon. Johnson naye kaondoka. Ninyi mnaotumia mechi tisa za kwanza kama ushahidi wa 2026 mnakadiria timu ambayo nusu ya injini yake iko kwenye karakana ya mtu mwingine.

Kuhusu "wamerudi wangapi" nitapita haraka. Zamani ulihesabu walioanza mwaka jana ambao bado wapo, na kweli ilisaidia. Tangu NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilipoanza kuruhusu mchezaji kuhama na kucheza papo hapo mwaka 2021, na vizuizi vilivyobaki kulegezwa 2024, hesabu hiyo imekuwa nusu ya habari. Juu yake weka kwamba tangu Julai 2025 vyuo vinawalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Indiana ilikuwa 3-9 mwaka 2023. Akaja kocha Curt Cignetti na kundi la wachezaji wake kutoka chuo cha James Madison, ikawa 11-2 mwaka 2024, kisha 16-0 na ubingwa wa taifa mwaka 2025. Hakuna modeli iliyofunzwa kwa data ya miaka 20 iliyopita yenye mfano kama huo ndani yake. Tunapowaonyesha grafu zenye mistari iliyonyooka, kumbukeni hilo. Sisi wenyewe hujisahaulisha.

Sasa nirudi kwenye jambo linaloninyima usingizi, maana nikilificha nitakuwa sijawatendea haki. Nimesema mechi za kubanana ni shilingi. Shida ni kwamba mfano mbaya kuliko wote dhidi ya maneno yangu ni Nebraska yenyewe.

Mwaka 2021, chini ya kocha Scott Frost, walimaliza 3-9. Vipigo vyote tisa vilikuwa vya pointi 9 au pungufu, vinane kati yake vya 8 au pungufu. Katika mechi 12 walifunga 335 na kufungwa 272, chanya 63, na timu ina ushindi wa mechi tatu tu! Fomula ya kawaida ya kubadili pointi kuwa ushindi, yenye kipeo cha 2.37, inatoa ushindi kama 7 na nusu. Ondoa Fordham waliofungwa 52-7, bado inatoa karibu 6 katika mechi 11. Kila mtu wa namba, nikiwemo mimi, alisema jambo lilelile: mwaka ujao bahati itarudi.

Mechi ya kwanza ya 2022 ilichezwa Dublin, Ireland, dhidi ya Northwestern. Nebraska inaongoza 28-17 robo ya tatu, Frost anaagiza teke fupi la kushtukiza ili wauchukue mpira tena. Northwestern wanauokota, wanarudi mchezoni, wanashinda 31-28. Northwestern hao hawakushinda mechi nyingine yoyote msimu huo, wakamaliza 1-11. Wiki mbili baadaye Nebraska ikafungwa nyumbani na Georgia Southern 45-42, na kesho yake Frost akafukuzwa. Timu ikamaliza 4-8.

Kwa jumla Frost alikuwa 5-22 katika mechi za tachidauni moja. Kama kweli ni shilingi, uwezekano wa kupata tano au pungufu katika 27 ni chini ya mara moja katika 1,000. Nikisema timu ilikuwa dhaifu kidogo na ilistahili asilimia 40 badala ya 50, bado inakuwa kama mara 15 katika 1,000. Naweza kujitetea kwamba kuna vyuo zaidi ya 130 na makocha wengi, lazima mmoja atokee mwenye bahati mbaya hivyo, na sisi tunamzungumzia kwa sababu yeye ndiye aliyetokea. Ni utetezi halali. Je, unanitosha? Hapana. Mateke mabovu, mipira kudondoshwa dakika za mwisho, maamuzi kama lile la Dublin: hivyo ni vitu vya kocha na vya mazoezi, wala shilingi haivifanyi. Nadhani kuna timu chache ambazo kubanana kwao kuna ugonjwa ndani, ila sijui namna ya kuzitambua kabla hazijaumwa miaka minne. Aliyegundua aniandikie.

Haya, 2026. Kotabeki Anthony Colandrea amekuja kutoka UNLV, na kabla ya hapo alikuwa Virginia. Ni mtu wa kukimbia na kubahatisha, tofauti kabisa na Raiola aliyekaa nyuma na kutupa. Ulinzi umekabidhiwa kwa Rob Aurich kutoka San Diego State, na hapo ndipo ninapotaka kuona mabadiliko, kwa sababu mwaka jana mbio za wapinzani katikati ya uwanja ziliwapita kila walipokutana na laini nzito, yaani safu ya mbele yenye nguvu. Na msisahau kwamba timu hii haijamfunga mpinzani aliyekuwa kwenye orodha ya timu 25 bora ya shirika la habari la AP tangu ilipoifunga Oregon mwaka 2016.

Nikilazimishwa kutaja namba, katika mechi 12 za msimu wa kawaida natoa 6. Shemeji atasema nina kijicho. Lakini 5 au 8 havitanishangaza, kwa sababu mechi tano au sita zitaamuliwa kwa tachidauni moja na hakuna anayejua zitaangukia upande gani. Wakifika 9, nitatazama kwanza kama walizishinda zile ngumu kwa pointi 10 na kuendelea, au ni akina Akron tena pamoja na mateke manne ya dakika ya mwisho.