Boksi halijui siku uliyofungua: dhana potofu kuhusu vipodozi vya zamani

Mwezi wa Shaaban huwa silali. Ngamiani, hapa kwetu Tanga, harusi zinafuatana kabla Ramadhani haijaingia, na mimi na sanduku langu tunahama nyumba hadi nyumba kupamba. Karibu kila nyumba, kabla sijatoa vitu vyangu, ananijia mmoja na mkoba wake: "Dada, nipake kwa hivi vyangu, ngozi imeshavizoea." Nikifungua mkoba nakuta fondesheni ambayo mafuta yamepanda juu na rangi imekaa chini, maskara iliyoganda shingoni, na lipstiki iliyonunuliwa kwa harusi ya dada yake mkubwa, ambaye sasa ana watoto wawili. Nikimwambia mama, hivi muda wake umekwisha, majibu huwa ni yaleyale. Nimeyasikia miaka mingi, na kwa kuwa baadhi yanawaumiza watu macho na ngozi, nimeona niyajibu moja moja.

"Tarehe ya kwenye boksi bado haijafika"

Hili ndilo jibu la kwanza, na ndilo linaloponza wengi. Tarehe ile inahesabu umri wa kitu kikiwa kimefungwa, hakijaguswa na hewa wala kidole. Siku unapokifungua, hesabu nyingine inaanza. Geuza chupa uangalie nyuma au chini: utaona mchoro mdogo wa kikopo chenye kifuniko kilichoinuliwa, na ndani yake au pembeni pameandikwa 6M, 12M au 24M. Ile M ni miezi, tena kwetu imeangukia herufi ileile. Maana yake, baada ya kufungua una miezi sita, kumi na miwili, au ishirini na minne.

Wapo wanaoshika kopo lisilo na tarehe kabisa wakaamua ni feki, na wapo wanaoamua kwamba basi halina mwisho. Wote wanakosea. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kipodozi kinachoweza kukaa zaidi ya miezi 30 bila kufunguliwa hakilazimiki kuandikwa tarehe ya mwisho. Kinawekewa ule mchoro wa kikopo. Marekani nako sheria hailazimishi tarehe kwenye vipodozi vya kawaida. Kwa hiyo kopo halali linaweza kufika Tanga bila tarehe, na bado likawa na mwisho wake.

Shida ni kwamba mchoro haujui ulifungua lini, na wewe utasahau. Mimi nakata kipande cha selotepu ya karatasi, nabandika chini ya chupa na kuandika tarehe kwa maka peni siku ileile ninapoifungua. Kazi ya nusu dakika, na imenimalizia ubishi mwingi.

Kama mchoro umefutika, vipimo ninavyovifuata ni hivi: maskara na wanja wa maji, miezi mitatu, na isizidi sita. Fondesheni ya maji, miezi sita hadi mwaka. Krimu ya kopo la kuchovya vidole ni hivyohivyo, lakini ya pampu huvumilia zaidi kwa sababu kidole hakiingii ndani. Lipstiki, mwaka mmoja hadi miwili. Poda kavu, miaka miwili. Tena hizo ni hesabu za mahali pakavu na penye ubaridi. Sisi wa Tanga tukiwa ndani ya kaskazi, Januari na Februari, joto linapita nyuzi 30 na hewa imelowa hata chumvi ya mezani inashikana. Kwa hiyo mimi huchukua namba ya chini, si ya juu.

"Haijabadilika harufu wala rangi, kwa nini niitupe?"

Ikibadilika harufu, rangi au uzito, hapo hakuna mjadala, itupwe. Kosa ni kuigeuza kanuni kichwa chini na kusema kisichonuka ni kizima. Bakteria hawaonekani kwa macho. Kipodozi chochote chenye maji huwekwa vihifadhi, dawa za kuzuia bakteria na ukungu wasizaliane humo. Vihifadhi hivyo vinachoka: vinapungua nguvu kwa muda, kwa joto, na kwa kila kidole au brashi inayoingia na uchafu mpya. Unaweza kuwa na chupa inayonukia vizuri kama ulivyoinunua, na ndani yake ulinzi umeshaisha.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya kupima vipodozi 467 ambavyo watu walikuwa wakivitumia: lipstiki, lipshaini, maskara, wanja na sponji za kupakia. Kutegemea aina, asilimia 79 hadi 90 vilikutwa na bakteria, wakiwemo E. coli, ambao makazi yao ni utumbo na kinyesi. Sponji ndizo zilizonitisha zaidi. Asilimia 93 hazikuwahi kuoshwa hata mara moja, na asilimia 64 ziliwahi kuanguka sakafuni zikaokotwa na kuendelea na kazi.

Sitaki kumtisha mtu. Ngozi yenyewe ina bakteria wake, na wengi hupaka vitu vya zamani wasipatwe na lolote. Lakini jicho si sehemu ya kubahatisha. Maskara ni chupa ya giza, yenye maji na vuguvugu, na kila ukichomoa na kuchomeka brashi unasukumia ndani hewa pamoja na kilichokuwa kwenye kope. Brashi ile ikikukwaruza mboni huku ina bakteria anayeitwa Pseudomonas, kidonda kinaweza kukua haraka hadi kudhuru uwezo wa kuona. Wengine wanaishia na chokea tu, au kope zinazowasha na kuvimba, wakadhani ni vumbi.

Ndiyo maana sikubali ile tabia ya kutia maji, au mate, kwenye maskara iliyokauka. Maji yanazimua vihifadhi na kuongeza bakteria kwa mpigo mmoja. Ikikauka, imekuaga.

Na ukiugua macho, kila kilichogusa jicho kinaondoka: maskara, wanja, kope bandia na gundi yake. Januari 2024, macho mekundu yalipoisumbua nchi, hasa Dar es Salaam, niliwaomba wateja wangu jambo hilo moja. Walionielewa wachache. Wengine walisubiri wapone, kisha wakarudi kwenye penseli ileile ya wanja, tena ya kuazimana na shoga zao.

"Vyangu ni vya asili, vya asili haviharibiki"

Hapa nitakaa kidogo, maana sisi watu wa pwani tuna urithi wetu na sitaki mtu aubeze.

Bibi yangu alikuwa na kijiwe chake cha kusagia liwa. Alisaga kipande cha mti kwa maji ya mawaridi, kiasi cha kupaka siku ile tu, na kilichobaki alikimwaga. Hakuwahi kuweka liwa mbichi kwenye kopo ikae wiki. Kigogo kikavu cha liwa kinakaa miaka. Kikishakutana na maji kinahesabiwa kama chakula. Singo, ule mchanganyiko wa kumsugulia bi harusi mwili, ni hivyohivyo. Viungo vikavu weka, lakini kilichokorogwa kwa maji ya mawaridi, maziwa au tui kitumie siku hiyo. Leo nakuta singo ya bi harusi imekorogwa wiki nzima kabla, imefunikwa kwenye ndoo ndogo, na ukungu umeanza pembeni. Wanaupangusa kwa kijiko wanaendelea. Ukungu unaouona juu una mizizi chini, jamani.

Mafuta ya nazi yana habari tofauti. Hayana maji, kwa hiyo bakteria hawastawi humo kirahisi, lakini yanachacha. Hewa, mwanga na joto huyavunja, na utajua kwa ile harufu kali inayokwaruza puani. Yaliyochacha huwasha ngozi, hasa ya mtoto. Yale ya kupika nyumbani yakibaki na maji ya tui chini huharibika upesi zaidi. Yachuje, yaweke kwenye chupa kavu, mbali na dirisha.

Hina ya unga ikizeeka haina hatari kubwa, inapoteza rangi tu, na ndiyo sababu ya bi harusi kutoka na maua ya rangi ya chungwa hafifu. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, ni jambo jingine. Weusi wake hutokana na kemikali ya rangi ya nywele inayojulikana kwa kifupi kama PPD, na hiyo huweza kuunguza ngozi ikiwa mpya au ya zamani. Usiichanganye na hoja ya muda. Mimi siipaki mwilini, iwe na tarehe gani.

"Ni ya bei ghali, ya kutoka nje"

Bei haiongezi miezi. Tena baadhi ya vitu vya ghali ndivyo vinavyochoka mapema. Seramu ya vitamini C inayokuja nyeupe au ya njano hafifu ikigeuka kahawia, imeshaungana na hewa na nguvu imekwenda. Retinoli, ile ya jamii ya vitamini A, haipendi mwanga. Vinatengenezewa chupa nyeusi kwa sababu hiyo, halafu sisi tunavipanga dirishani vipendeze.

Sanskrini naitaja peke yake. Iliyopita muda, au iliyoachwa garini juani hadi ikajitenga maji na mafuta, huwezi kuitegemea kwamba inazuia jua, na wewe unatembea Raskazone saa saba mchana ukijiona umekingwa. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si suala la urembo, maana jua linawaletea saratani ya ngozi. Kule mjini Moshi wanatengeneza sanskrini kwa ajili yao, inaitwa Kilisun. Ukimpelekea mtu, mwambie aiweke kivulini na asome tarehe yake.

"Nimenunua leo dukani, kwa hiyo ni mpya"

Mpya kwako. Kama kopo lilikaa miezi kwenye kioo cha duka linalopigwa na jua la asubuhi, umelinunua likiwa limechoka. Omba la ndani ya kabati. Tazama kama sili ipo, kama tarehe haijakwaruzwa au kubandikwa karatasi juu. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na ukikuta duka linauza vilivyoisha muda, huko ndiko pa kupeleka habari.

Mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua, sitauzungumzia sana. Hauna tarehe, hauna orodha ya kilichomo, na mara nyingi una hidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Huo haungoji kuisha muda. Utupe leo.

"Nikiweka kwenye friji vitadumu"

Friji inapunguza mwendo, haisimamishi saa. Na umeme ukikatika na kurudi mara kwa mara, krimu inapoa, inapata joto, inapoa tena, hadi inakatika kama tui. Kabati kavu, lenye giza, mbali na bafu, linatosha kabisa.

"Kutupa ni kuchezea pesa"

Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu ni kweli pesa ni ngumu. Binti aliyejinyima wiki mbili anunue fondesheni hawezi kuambiwa itupe kirahisi. Ninachomshauri ni kununua chupa ndogo, na maskara moja badala ya tatu, kwa kuwa tatu zilizofunguliwa zinazeeka pamoja. Na si kila kitu ni cha kutupa. Poda iliyoganda juu naikwangua safu ya juu kwa kisu safi na kuipulizia spiriti ya asilimia 70, naiacha ikauke. Lipstiki isiyonuka, ambayo bado haijamaliza muda wake, naikata ncha, naifuta kwa spiriti hiyohiyo. Hilo linasafisha, halirudishi umri. Manukato yaliyopungua harufu napulizia mapazia.

Ninachokataa ni kumpa mwingine. Vya zamani huenda kwa dada wa kazi, kwa mdogo mtu, kwa watoto wachezee harusi ya kidoli, nao ngozi zao ni laini kuliko za kwetu. Kwa hiyo vikifika mwisho naviharibu mwenyewe: lipstiki naivunja, poda naimwaga kwenye karatasi na kuifunga, brashi ya maskara naitoa na kuikunja. Ndipo naviweka kwenye mfuko wa taka, maana kule jalalani watoto huokota.