Taharuki: kwa nini riwaya nzuri hukunyima usingizi

Taharuki ni ile hali ya moyo wa msomaji kuning'inia. Anajua kuna jambo laja, analiogopa au analitamani, na mwandishi anamcheleweshea makusudi. Kwa mtihani wa shule maelezo hayo yanatosha. Hayamtoshi mtu aliyeshika riwaya baada ya swala ya isha, akajiambia atasoma kurasa chache tu, kisha akasikia muadhini wa alfajiri anaanza, taa bado inawaka.

Wengi wetu tulifunzwa kwamba taharuki hutokana na kutojua mwisho wa hadithi. Ndiyo maana mwanafunzi akiona sura imekatika kwa swali huandika "taharuki" na kukimbilia swali linalofuata. Mimi naona mafunzo hayo yanapotosha. Mwisho unaweza kujulikana tangu jalada la kitabu na taharuki isipungue.

Tazama Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela wa Freretown kilichotoka mwaka 1934. Jina lake tu limeshatoboa siri: watu hawa wataachwa huru. Kwa sisi wa Mombasa mwisho wenyewe upo Freretown, huko Kisauni, na kila apitaye Kengeleni kwa matatu anapita pale walipowekwa watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kimebaki nini cha kuficha? Lakini msafara unapokokotwa kuelekea pwani, husomi kwa utulivu wa mtu anayejua. Unasoma kwa wasiwasi wa mtu anayetembea nao.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ina mtihani mwingine. Kongowea Mswahili anajisimulia mwenyewe safari ya kumtafuta baba yake. Anayesimulia yu hai, la sivyo nani angetuhadithia? Kwa hivyo hatari ya kufa tungeiondoa akilini tangu ukurasa wa kwanza. Hatuiondoi. Kijana akidhulumiwa tunaumia, na akikaribia kumpata mtu anayemtafuta tunageuza ukurasa kabla hatujaumaliza vizuri.

Basi taharuki hutoka wapi? Kwanza ni kumjali mhusika. Bila hilo, mwandishi anaweza kurusha risasi na kuzamisha meli atakavyo, msomaji atapiga miayo. Pili, na hapa ndipo penye ufundi, ni ugawaji wa habari: nani anajua nini, na anakijua lini.

Tuseme mwanamke anavuka kwa feri kwenda Likoni, na pesa za chama amezificha ndani ya kikapu, chini ya mchicha. Mwandishi mmoja atamvusha salama, amfikishe nyumbani, afunue mchicha, pesa hakuna. Umeshtuka. Ni mshtuko tu, na pumzi ya pili ikitoka umekwisha. Mwandishi mwingine atakuonyesha mapema kijana aliyemwona akihesabu pesa hizo Marikiti, akamfuata hadi kivukoni, na sasa amesimama nyuma yake katikati ya umati. Feri inang'oa. Yule mama anageukia jirani yake, wanaanza kuzungumza bei ya nazi: siku hizi nazi ni dhahabu, tena ukiivunja hukuti tui la maana. Kwa mwandishi wa kwanza mazungumzo hayo yangekuwa porojo ya kurukwa. Hapa hayavumiliki, kwa sababu kila neno la nazi linampa yule kijana nafasi ya kusogea. Unataka kumpigia kelele, "Mama, kikapu chako!", na huwezi, maana wewe uko nje ya kitabu. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, lakini mtunzi hodari atakukalisha majini kwa kurasa kumi.

Hapo unaona pia kwamba mwandishi wa pili hakuficha kitu. Alitoa habari zaidi kuliko mwenzake. Alichokinyima ni wakati: alijua utaona hatari kabla ya mhusika, akakuacha na ujuzi huo usio na kazi.

Riwaya za upelelezi ni kisa kidogo tofauti, na huchanganywa mno na taharuki. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, mtu ameshauawa. Bwana Msa, mpelelezi wake, anavuta kiko chake, anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi, na sisi tunabaki nyuma yake kwa hatua mbili tatu. Kinachotusukuma hapo zaidi ni udadisi, hamu ya kujua jambo lililokwisha kutendeka. Taharuki hutazama mbele, kwenye jambo ambalo bado linaweza kuepukika. Bila shaka riwaya moja huweza kuwa na yote mawili, na zile bora huwa nayo.

Kuhusu swali la mwisho unaojulikana, wataalamu wa saikolojia nao wamelihangaikia. Mwaka 1989 Richard Gerrig wa Marekani alionyesha kwamba watu wakisoma masimulizi yanayotia shaka juu ya tukio la historia wanalolijua fika, huchelewa kidogo kuthibitisha kwamba lilitokea kweli. Yaani hadithi huweza kulisogeza kando lile unalolijua, japo kwa muda. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, waliripoti kwamba wasomaji waliotobolewa mwisho wa hadithi fupi hawakupungukiwa na raha. Kwa wastani walizifurahia zaidi kuliko wale ambao hawakutobolewa. Tafiti za baadaye hazikukubaliana nao zote, na mtu akikutobolea riwaya uliyofika katikati bado una haki ya kununa. Lakini mabibi zetu wasingehitaji utafiti huo. Wajukuu walikuwa wakidai hadithi ile ile kila usiku, wanajua zimwi litashindwa, na zimwi likibisha hodi wanajikunyata vilevile.

Hata Shahrazadi wa Alfu Lela U Lela, aliyemhadithia mfalme kila usiku ili asiuawe, hakuponea kwa fumbo peke yake. Kulipopambazuka alinyamaza pale mfalme alipokwisha kumpenda mhusika na kumhofia. Angenyamaza mapema zaidi, kabla mfalme hajajali, asingeuona usiku wa pili.

Kwa kipimo hicho ni rahisi kuitambua taharuki ya bandia, na imejaa. Sura inamalizika kwa simu kulia, msomaji anaruka haraka, kumbe mpigaji ni shangazi anauliza hali. Au msimulizi anaufungua mlango, anapiga ukelele "Sikuamini nilichokiona!", na mwandishi anahamia mji mwingine kwa sura nzima. Macho ni ya msimulizi, yeye ameona, na sisi tuliokuwa tukitazama kwa macho hayo tangu ukurasa wa kwanza tumezibwa ghafla bila sababu yoyote ndani ya hadithi. Mara ya kwanza utavumilia. Ya tatu unaanza kuruka aya ukitafuta tu ni nini kilikuwa nyuma ya mlango, na ukishakipata unakifunga kitabu, ukalala vizuri tu.